Watoto Wetu Waandike Walichopima



Twaomba nafasi katika karatasi yetu tuseme neno ambalo si la mshahara wala la nyumba, ingawa mbele kidogo litafika huko. Ni neno la masomo ya watoto wetu wa Kidato cha Nne, hasa fizikia, na hasa ile sehemu ambayo mtoto huwekewa vyombo mezani akaambiwa: pima, andika, chora grafu, toa jibu. Twajua wako watakaouliza, mafundi wa reli wana nini na fizikia, hali wao waliishia shule ya msingi ya misheni? Kweli tuliishia pale. Lakini kupima ndiyo kazi yetu tangu asubuhi mpaka king'ora cha jioni, na katika jambo hilo hatukubali kuambiwa tunyamaze.

Jambo lenyewe lilianza hivi. Mwenzetu mmoja hapa landhi ana kijana wa Kidato cha Nne. Jumapili moja tulikuwa kwake watu watatu, twanywa chai, kijana akaleta daftari lake la majaribio baba yake atie sahihi. Tukalitazama pamoja. Jaribio lilikuwa la pendulamu, yaani kitu kizito kilichofungwa kwenye uzi kikaachwa kibembee, mfano wa timazi ya mwashi iliyoguswa. Mtoto hupima urefu wa uzi, hupima muda wa kubembea, kisha kwa hesabu hupata nguvu ya mvuto wa dunia, ambayo vitabu huiandika kwa herufi g. Katika daftari lile palikuwa na grafu yenye nukta sita, na zote sita zimelala juu ya mstari kama zilizopigwa kwa rula. Jibu chini yake: 9.8, bila kupungua wala kuzidi.

Tukatazamana. Sisi tumeshika vyombo vya kupimia miaka kumi na zaidi, na hatujamwona mtu wa mkono huo.

"Kijana, jaribio hili mlilifanya?"

"Tulilifanya, mzee."

"Nyote?"

"Vyombo vilikuwa seti nne na sisi tuko hamsini na mbili. Walifanya waliokaa mbele."

"Na namba hizi?"

Akainamisha kichwa. "Tulijua jibu ni 9.8. Tukaanza na jibu, tukarudi nyuma mpaka kwenye jedwali."

Baba yake alitaka kusimama kwa hasira. Tulimzuia, maana sisi wenyewe tumewahi kufanya vile vile, wala si shuleni.

Tulipokuwa wanagenzi, katika karakana ambayo hatutaitaja, tulipewa ekseli nane tuzipime kwa maikrometa, kila moja mahali patatu, tuandike kwenye kadi. Ilikuwa Jumamosi na saa ya kutoka imekaribia. Tulipima mbili za kwanza kwa uangalifu. Sita zilizobaki tuliziandika kwa kuzitazama zile mbili, tukiongeza sehemu moja ya mia ya milimeta hapa na kupunguza pale, ili kadi ifanane na kazi ya kweli. Fundi mkuu, mzee aliyekuwa karibu kustaafu, aliisoma kadi kimya. Kisha akatuita kwenye ekseli ya tano, akatupa maikrometa, akasema, "Pimeni." Ilikuwa imepishana na kadi kwa sehemu nne za mia. Wasiojua chuma watasema hizo ni unywele. Lakini beringi inayokaa kwa kubana kupita kiasi hupata moto njiani, na ekseli yenye beringi ya moto huweza kukatika treni ikiwa mwendoni. Mzee hakutupigia kelele wala hakutupeleka kwa mkubwa wa kazi. Alituweka pale mpaka saa kumi, tukazipima ekseli zote nane upya, naye amekaa juu ya sanduku la vyombo akivuta tumbako. Hatukulipwa ovataimu siku ile, wala hatukuidai.

Mzee yule yule ndiye aliyetufundisha tusipime chuma kilichotoka sasa hivi kwenye mashine ya kukereza. Chuma kikipata joto huvimba. Shafti yenye kipenyo cha milimeta 100, ikizidi joto la kawaida kwa nyuzi 40, huongezeka karibu sehemu tano za mia ya milimeta. Maikrometa yako ni nzima, macho yako mazima, nawe waandika namba isiyo kweli. Ndugu zetu wa magenge ya njia wanalijua jambo hili kuliko sisi: reli ya meta 12 ikipata nyuzi 30 zaidi hurefuka kama milimeta 4, ndiyo sababu kwenye njia za viungo huachwa nafasi kati ya reli na reli.

Basi tukamwambia kijana alete uzi. Nati ya inchi moja tulikuwa nayo, tepu ya chuma tulikuwa nayo, na simu ya baba yake ina saa ya kuanzisha na kusimamisha. Tukapiga msumari juu ya kizingiti cha mlango, tukafunga uzi, tukapima kutoka msumarini mpaka katikati ya nati, si mpaka chini yake. Hapo pa kwanza panapokosewa. Nati ina unene. Ukipima mpaka chini umeongeza karibu sentimeta nzima ya bure. Tuliweka urefu wa meta moja.

Kijana akaiachia nati akahesabu mabembeo ishirini, kwenda na kurudi ni moja. Akapata sekunde 38.2. Tukapiga hesabu: muda wa bembeo moja ni sekunde 1.91, uzidishe kwa wenyewe, kisha chukua 39.48, ambayo ni pai mara pai mara nne, uizidishe kwa urefu na uigawe kwa ile namba. Likatoka 10.8. Kijana akaogopa. Macho yake yakaenda kwenye kitabu, nasi tuliona wazi kwamba mkono wake ulikuwa tayari kufuta.

"Usifute," tukamwambia. "Iachie tena, uhesabu kwa sauti."

Akaachia nati, akasema "moja" papo hapo ilipoanza kwenda. Kumbe! Alipofika ishirini, nati ilikuwa imebembea mara kumi na tisa. Yafaa kuanza na "sifuri" wakati wa kuachia, na "moja" inaporudi. Hilo lilikuwa kosa, na kosa likionekana hurekebishwa. Ile 10.8 ndiyo iliyotuonyesha. Angaliifuta akaandika 9.8, angalikwenda na kosa lake mpaka chumba cha mtihani.

Akahesabu vizuri mara tano. Alipata sekunde 40.1, na 40.4, na 40.0, na 40.3, na 40.2. Akauliza swali ambalo kwa maoni yetu ndilo mzizi wa somo zima: "Mzee, sasa ipi ndiyo ya kweli?"

Hakuna hata moja iliyo uongo. Kidole cha mtu huchelewa kama sehemu moja ya tano ya sekunde tangu jicho lione mpaka kibonyeze, na mara nyingine huwahi kwa sababu mtu amekwisha kuzoea mwendo wa nati. Simu inaonyesha mpaka sehemu za mia za sekunde, lakini hayo ni majivuno ya simu. Kidole hakijui mambo hayo. Ndiyo sababu hatupimi bembeo moja. Ukipima moja ya sekunde 2 na kidole kikakosa sehemu mbili za kumi, umekosa moja katika kumi. Ukipima ishirini, kidole ni kile kile, kukosa ni kule kule, lakini kumegawanywa kwa ishirini.

Wastani wa zile tano ni 40.2. Zimetawanyika kutoka 40.0 mpaka 40.4, basi husema 40.2, juu au chini kwa 0.2. Huko kupanda na kushuka tumekuita shaka ya kipimo. Shaka si kosa. Kosa hurekebishwa likaondoka, lakini shaka hupunguzwa tu. Hubaki hata kwa fundi bora mwenye chombo bora, na kazi yake ni kuitaja. Muda wetu una shaka ya nusu kwa mia. Kwa kuwa katika hesabu muda huzidishwa kwa wenyewe, shaka hiyo hufanyika moja kwa mia. Urefu wetu, kwa sababu ya fundo na unene wa msumari, tulikubaliana una shaka ya nusu sentimeta katika mia. Jumla, moja na nusu kwa mia. Jibu la kijana likawa 9.77, juu au chini kwa 0.15.

Sasa tusikilizane, maana hapa pana jambo tamu. Mvuto wa dunia si sawa kila mahali. London ni 9.81. Kwenye ikweta, usawa wa bahari, ni 9.78, na Nairobi, ambako tuko karibu na ikweta na tena juu ya mlima, hupungua kidogo kuliko hapo. Kwa hiyo mtoto wa Nairobi anayejilazimisha kuandika 9.81 anapima London akiwa amekaa Makongeni. Lakini sisi nasi tusijisifu. Shaka yetu ya 0.15 inatoka 9.62 mpaka 9.92, na ndani yake zimo London na Nairobi zote mbili. Uzi na nati yetu haviwezi kuzitenganisha. Kijana aliposema hivyo mwenyewe, bila kuambiwa, tulimwongezea chai.

Aliyeweza kuzitenganisha alikuwako zamani. Mwaka 1672 Mfaransa aitwaye Jean Richer alipelekwa Cayenne, Amerika ya Kusini, mahali palipo karibu na ikweta kama sisi. Alikuwa na saa ya pendulamu iliyokwenda sawasawa huko Paris. Cayenne ikawa inachelewa kama dakika mbili na nusu kila siku. Siku nzima ya saa ni mabembeo maelfu kwa maelfu, ndiyo sababu tofauti ndogo kama ile ilionekana. Richer angeweza kusema saa imeharibika baharini, akaandika namba za Paris, naye angelala usingizi. Aliandika alichokiona. Newton alikichukua kipimo hicho katika kitabu chake cha mwaka 1687, akaonyesha kwamba dunia si mviringo kamili, bali imevimba katikati, kwenye ikweta. Haya yote yalitoka katika namba ambayo haikukubaliana na kitabu.

Katika daftari lile lile mlikuwa na jaribio la kuchemsha maji. Grafu inapanda, inapanda, kisha inalala sawa kwenye nyuzi 100. Shule iko Nairobi! Maji ya Nairobi huchemka kama nyuzi 94 au 95, kwa kuwa hewa ya huku juu ni nyepesi. Ndugu zetu waliowahi kukaa Timboroa, ambako njia ya reli hupita futi 9,000, wanakumbuka jinsi maharagwe yanavyokataa kuiva. Kule maji huchemka kama nyuzi 91. Mama mpishi wa Timboroa anaijua fizikia hii kwa kuni alizochoma. Mtoto mwenye kipimajoto mkononi, kinachosema 94, akaandika 100, huyo amefundishwa kutoyaamini macho yake.

Kijana aliandika upya jaribio la pendulamu, na namba zake tano, na 9.77, na shaka yake, na ile 10.8 akaieleza kando. Akalipeleka shuleni. Daftari likarudi na alama ya kukata kwa wino mwekundu na maneno mawili: "Angalia kitabu."

Baadhi yetu walitaka twende siku ile ile tukamshike mwalimu. Sisi tunaoandika haya tulikataa, na twaeleza sababu. Mwalimu ni mfanya kazi kama sisi. Ana wanafunzi hamsini na mbili na seti nne za vyombo, hana msaidizi wa maabara, na matokeo yakitoka mbaya ataulizwa yeye. Karatasi ya tatu ya fizikia katika KCSE ni saa mbili na nusu na alama 40 katika jumla ya 200, na kwa mwalimu aliyebanwa hivyo njia ya mkato ni kuwakaririsha watoto namba. Mkubwa wa kazi akitaka treni itoke saa mbili, wala hajali kama magurudumu yamepimwa, ni nani aliyemfundisha mpimaji kudanganya kadi? Twalaumu mpango wa kazi kwanza. Lakini mpango huo hautuzuii kusema kwamba ule wino mwekundu ulikosea.

Na mshahara? Vijana wanatujia karakanani na vyeti vizuri. Ukimpa mmoja kalipa, anaigeuza geuza kama samaki asiyemjua. Hajui kuangalia kwanza kama chombo kikifungwa kinasoma sifuri. Hajui kuweka jicho wima juu ya alama, anasoma kwa upande, na mshale unaonekana umesogea. Kisha anakwenda kwenye mtihani wa daraja la ufundi, anaanguka, na daraja ndilo linaloamua atalipwa nini. Miaka mitatu anabeba vyuma kwa malipo ya kibarua, kwa sababu shuleni alikaa nyuma na waliofanya jaribio walikuwa mbele. Tena mtu asiyezoea kuuliza "kipimo hiki kina shaka kiasi gani?" huibiwa kokote: kwenye mizani ya mahindi, kwenye mita ya maji, na kwenye ile saa ya getini ambayo, ajabu, ikikosea hukosea upande wa mwenye kazi siku zote.

Mtaala mpya ulioanza mwaka 1985 ulisema watoto wafundishwe kazi za mikono, tukaona vyumba vya ufundi vikijengwa na vingine vikageuka stoo. Mtaala ulioanza mwaka 2017 nao unasema mtoto apimwe kwa anachoweza kutenda. Maneno mazuri. Hatuna ugomvi nayo, ila kutenda kwataka vyombo, na vyombo vya mwanzo si ghali: uzi, nati, rula, chupa ya maji, saa. Mabembeo ishirini katika kizingiti cha mlango hayahitaji maabara ya mamilioni. Kinachohitajika zaidi ni alama. Mtoto aandikapo namba tano zilizotawanyika, akataja shaka yake, akaeleza kwa nini, apewe alama kuliko yule ambaye nukta zake zimelala mstarini kama zilizopigwa pasi. Alama ikienda huko, na watoto wataenda huko. Wao si wajinga. Waligundua zamani kwamba uongo ulionyooka unalipa.

Twajua pia jibu la watu wengine: mtihani ni mtihani, mtoto apite kwanza, ukweli atajifunza kazini. Tumeona wanavyojifunza kazini. Sisi tulijifunza kwa ekseli ya tano, na kama mzee yule angekuwa amechoka Jumamosi ile kama tulivyochoka sisi, ekseli hiyo ingekwenda njiani na watu ndani ya mabehewa.

Basi twaomba wanachama walio katika kamati za wazazi walipeleke neno hili, kwa heshima, na pamoja na walimu, si dhidi yao. Waombe seti zaidi za vyombo vidogo kabla ya kuomba basi la shule. Waombe madarasa yagawanywe kwa zamu ili kila mtoto ashike chombo. Na mafundi walio tayari kutoa Jumamosi moja kwa mwezi, wakae na watoto wakiwaonyesha kalipa na maikrometa, waandikishe majina kwa katibu wa tawi. Nauli kila mtu ajilipie. Mpaka sasa tuko watano, na mmoja ni dereva wa injini aliyesema hajui maikrometa lakini anajua kungoja mpaka mshale wa geji utulie ndipo asome, tumemkubali.

Mkutano wa wazazi wa shule ya kijana yule ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Tutakwenda watatu. Tumekubaliana hatutahutubia. Tutamwomba mwalimu msumari mmoja, meza moja na robo saa, na kijana atabeba nati.